Wanamwita Ambrus

Makofi yalianza ovyo, kila mtu na lake, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Kisha yakatafutana, yakapatana, yakawa kofi moja kubwa la ukumbi mzima, linalokwenda kwa hatua. Nyuma ya pazia, Vilma alikuwa amesimama na koti la mumewe mikononi, zito, jeusi, limeshafunguliwa vifungo.

Sisi watu wa Budapest ndiyo tabia yetu. Msanii akitugusa moyo hatumwachi aende zake. Tunapiga kwa pamoja, polepole, halafu mbio, halafu polepole tena, mpaka arudi atuongezee kidogo. Wageni hutushangaa. Wasanii wetu wanaishi kwa makofi hayo, na Kerekes Ambrus, mpiga piano ambaye hata wauza pilipili wa sokoni walimjua kwa jina, alikuwa ameyanywa tangu ujana wake kama wengine wanavyokunywa pombe ya plamu.

Alicheza kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Wenzake walishindana mbio, vidole vikiruka hata macho yasivifuate. Yeye aligusa noti moja, akaisikiliza hadi ikatoweka, ndipo akaigusa ya pili. Kiti cha ukumbini hakukikalia hata siku moja. Alibeba kiti chake cha jikoni kilichokatwa miguu, akaketi chini kabisa, kidevu kikikaribia vile vibao vyeusi na vyeupe. "Noti ikifa izikeni kwanza," aliwaambia wanafunzi wake, "ndipo mwite nyingine." Ukimya wake uliwaliza watu kuliko muziki wenyewe.

Basi ukimya huo ulipoanza kurefuka, nani angeshuku? Magazeti yalimsifu, yakasema mzee anazidi kuzama katika fani yake. Vilma peke yake alijua kwamba mumewe hazami, anapotea. Alikuwa amekuta mayai ndani ya piano. Alikuwa amemsikia akimuuliza mama yake, aliyezikwa zamani, kama supu imeiva.

Mwanzoni mwa mwaka ule, siku moja akili zake zilipokuwa zimetulia, Ambrus alilisukuma kando bakuli lake la supu ya samaki.

"Vilma, siku nitakapoanza kuaibika, nitoe jukwaani. Usiwaache wanione."

"Nitakutoa."

"Hata nikikataa?"

"Lini umewahi kukubali kitu, wewe? Nitakutoa tu."

Alicheka, akalivuta tena bakuli lake. Vilma aliinuka akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Usiku huu ndio ulikuwa wa mwisho, nasi hatukujua. Aliyejua, mbali na Vilma, ni Gaspar, mwandalizi wa maonyesho. Walikuwa wameafikiana: Ambrus acheze vile vipande ambavyo mikono yake ilivijua hata bila yeye, kisha arudi mara moja tu, atuchezee wimbo ambao mama yake alimbembelezea utotoni, kama alivyofunga kila onyesho. Baada ya hapo Vilma amvalishe koti, na Gaspar akakifunge kifuniko cha piano. Kifuniko kikifungwa, hata sisi tunanyamaza na kwenda kutafuta makoti yetu.

Na mambo yalikuwa yamekwenda vizuri. Mikono haikukosea popote. Wimbo wa mama ulikuwa umechezwa, ukaisha. Kilichobaki ni koti.

"Vaa, mzee wangu. Twende nyumbani."

"Nyumbani?" Ambrus aliutoa mkono wake kwenye mkono wa koti. "Husikii? Wananiita."

Gaspar alikuja mbio, jasho likimtiririka, uso umejaa furaha. "Mama Vilma, wasikilize hao! Wakipiga hivi hata maiti anafufuka."

"Tulikubaliana, Gaspar. Nenda ukafunge."

"Nifunge saa hizi? Si watanitafuna! Mama, wewe mwenyewe umemsikia alivyocheza. Huyu ni mzima kabisa, hana ugonjwa. Madaktari nao siku hizi wanabahatisha tu."

Vilma alimtazama mumewe. Mashavu yake yalikuwa yamerudiwa na rangi. Tangu jioni alikuwa akimwita kwa jina lake, wala hakulikosea. Je, kama madaktari wamekosea? Mwenye njaa ya matumaini hachagui chakula, na Vilma alikuwa na njaa ya muda mrefu. Akalishusha koti.

"Moja tu," alisema.

Ambrus akatoka, akaketi, akacheza wimbo wa mama yake.

Ukumbi uliguna kwa mapenzi. Ule ule! Tulidhani anatuchezea mara ya pili kwa makusudi, na kweli aliucheza polepole zaidi. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alilia bila kujificha. Mzee mmoja mwenye miwani akanong'ona, "Anatuaga." Tukapiga makofi kama wendawazimu.

Nyuma ya pazia Vilma alikuwa ameelewa tangu noti ya kwanza. "Ambrus, njoo," aliita. "Njoo, mume wangu." Lakini Ambrus aliinama kutushukuru, kisha, bila hata kuondoka jukwaani, akakaa tena akauanza wimbo ule ule.

Safari hii alisimama katikati. Tulingoja, tulishazoea. Ukimya ukapita pale ambapo ukimya wake huishia, ukaendelea. Akarudi mwanzo. Akakwama palepale. Akarudi tena, kama mtu anayepapasa mlango wa nyumba yake mwenyewe asipate kitasa. Huko juu, kwenye viti vya ghorofani, msichana mmoja alicheka kwa woga, akanyamazishwa.

Vilma alitoka. Hakuwahi kukanyaga jukwaa maishani mwake. Aliviondoa vidole vya mumewe kimoja kimoja, akakishusha kifuniko, akamwinua, akamvalisha koti mbele yetu sote, kifungo baada ya kifungo, kama mtoto anayepelekwa shule siku ya theluji. Kile Ambrus alichokuwa ameomba tusikione, tulikiona chote.

Hakuna aliyejua la kufanya. Tulimpenda mtu yule, tukatamani kumwambia, na kumwambia huko tunakujua kwa njia moja tu. Huko juu mtu akapiga kofi. Mwingine akamfuata. Makofi yakapatana, mazito, ya polepole, ukumbi wote umesimama, wengi wakilia, hatutaki lolote duniani ila kumfariji.

Vilma aliinua mkono. "Basi!" alipaza sauti. "Jamani, basi! Mwacheni!"

Hatukumsikia.

Ambrus aliinua kichwa, na uso wake ukang'aa. Akageukia piano, akajaribu kukifunua kifuniko. Vilma akakiegemea kwa uzito wake wote. Akajaribu tena, kikakataa. Ndipo akamtazama mwanamke yule aliyemzuia, akatabasamu kwa adabu aliyowawekea wageni.

"Samahani, mama," alimwambia. "Naomba unipishe. Wananiita."