Mzigo Ulioachwa kwa Simba wa Mawe

Usiku wa jana niliota nimefika China, kwenye mlima mtakatifu wa Wabudha, nimevaa kanga za kulalia na kandambili za chooni. Nilikuwa nimechutama nachochea moto. Kunyanyua kichwa, naona ngazi za mawe, misonobari, ukungu, na mahekalu yenye mapaa yaliyopinda ncha kama vidole vya mcheza lelemama.

Huko China ndiko anakosomea udaktari mjukuu wangu Siwatu, niliyemlea tangu anatambaa, nikimwita mwali. Tangu Idi hajanipigia simu, nami sikumlaumu, nikasema ni masomo. Sasa namwona mbele yangu, anapanda ngazi mbiombio kama mwanambuzi.

"Siwatu!"

Anageuka, ananitazama kwa adabu. "Shikamoo, mama. Unamtafuta nani?"

Akaendelea kupanda.

Langoni ameketi simba wa mawe, anatafuna kashata. "Usimkasirikie," anasema. "Sheria ya hapa, kila apandaye aache chini kinachomlemea. Wenzake wameacha mabegi. Yeye kaacha mzigo huo."

Ananionyesha furushi la kanga. Nafungua fundo. Ndani nimo mimi, mdogo kama boga, nimejikunja, nasugua magoti.

"Kumbe nilikuwa namlemea?"

"Uzito si dhambi, hata mimi mzito," simba anasema. "Ila mwenyewe asipouchukua mzigo wake kabla ya jua kuzama, unageuka jiwe. Hao simba wengine wa ngazini, unadhani walizaliwa simba?"

Natazama. Mmoja amevaa miwani. Mwingine kajifunga ushungi.

Sikungoja kashata imalizike. Nikafunga fundo, nikajitwika kichwani.

"Taratibu, unanitikisa," akasema yule mimi wa kichwani.

"Kaa kimya, hutembei wewe," nikamjibu.

Ngazi zinapita katikati ya jiko langu. Sufuria inaniuliza uji nimemwachia nani. Zinapita kisimani, halafu ni mlima tena, mawingu yako chini ya miguu. Kandambili zimekisoma kibao cha kuvua viatu. Zinanitoka miguuni zenyewe, zinatangulia kwenda kujipanga.

Mlango wa hekalu la kileleni uko wazi. Kizingiti kinasema, "Niruke, usinikanyage." Lakini mie siingii nyumba ya watu bila kubisha.

"Hodi."

"Nani?" Sauti ya Siwatu, ndani.

"Mimi," nikajibu, kama watu wote wa kwetu wanavyojibu tangu dunia iumbwe.

"Mimi ndiye nani?" kizingiti kinauliza. "Mlima mzima umejaa akina mimi. Jibu vingine."

Jua limegusa mawingu. Vidole vyangu vya miguu vimekuwa vigumu. Nikivigonga vinalia kama kinu. Nalitafuta jina langu, silipati. Miaka yote naitwa Bibi Siwatu.

"Ni bibi yake Siwatu," nikasema.

"Mimi sina bibi," akajibu Siwatu, kwa adabu ileile.

Magoti nayo yakawa jiwe. Kwa mara ya kwanza hayaumi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Hapo yule wa kichwani akakohoa kile kikohozi chetu cha asubuhi, akaita, "Mwali, uji unapoa."

Kengele ya hekalu ikashika ulimi wake.

"Umetia ndimu, bibi?" Siwatu akauliza.

"Lini sikutia?"

Akatoka mbio, akakiruka kizingiti, akanitua furushi. Akalifunga mgongoni, kama nilivyokuwa nikimbeba yeye nikienda kisimani. "Mbona umechelewa?" akasema. Vidole vyangu vikapata joto.

Nikaamka. Kanga yangu ya kujifunika iko miguuni, ina fundo ambalo sikulifunga. Kulifungua, mna jani moja la msonobari, jembamba kama sindano, bado limelowa. Hapa kwetu Lindi sijapata kuuona mti huo, ila kwenye picha alizonitumia Siwatu.

Nimelishika jani, simu ikalia. Namba ngeni.

"Nani?" nikauliza.

"Mimi."

Nikaketi kitako. "Karibu, mwali," nikamwambia. "Karibu ndani."