Kikombe cha Shlash

Kwetu mgeni hajaziwi kahawa. Humiminiwa kidogo tu, ya kufunika kitako cha kikombe, na akitaka tena huongezwa. Ukimjazia hadi ukingoni, umemwambia anywe, ainuke, aende zake. Hata watoto wanalijua hilo. Na Mzee Khalaf, baba wa mume wangu, aliyemimina kahawa ndani ya hema lile miaka hamsini, alilijua kuliko sisi sote.

Kwa hiyo siku alipomjazia Shlash kikombe hadi ikamwagika vidoleni, tuliganda.

Shlash alikuwa ametoka mashariki, kule Hamad, ambako mvua hunyesha kwa upendeleo: bonde hili linapata, la jirani linakosa. Yeye alilijua bonde lililopata. Sisi tulikuwa na kondoo majike sitini, wengi wana mimba, magunia mawili ya shayiri, na dizeli ya safari moja tu kwenye lori letu. Tukikosea bonde, tumekwisha. Lakini mgeni haulizwi habari kabla hajanywa, na Shlash alikuwa hajanywa.

Alikitazama kile kikombe, akakiweka chini, akainuka. Mume wangu, Minwer, alimkimbilia hadi kwenye gari.

"Shlash, ndugu yangu, ngoja basi! Mzee hakukusudia."

"Hakukusudia? Minwer, baba yako ndiye aliyenifundisha mimi kumimina. Kaeni salama."

Minwer alirudi anafoka. "Baba, kakukosea nini yule?"

"Babu yake alitunyima maji ya kisima," Mzee alisema, akijifuta vidole.

"Babu yake! Mtu kafa hata mimi sijazaliwa!"

"Basi leo nimemlipa. Acha kelele."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nakanda unga, na nilijua kwamba ni uongo. Tangu baridi ianze nilikuwa nikimwona Mzee akitoka nje huku akipapasa kamba za hema, moja baada ya nyingine. Chai aliimimina kwa kuisikiliza. Macho yalikuwa yamekwisha, na aliyegundua ni mimi peke yangu. Ningesema siku ileile, Minwer angewasha lori akamfuata Shlash, akaomba radhi, na mambo yangeisha kwa kicheko. Nilinyamaza. Nilijiona mwanamke mwenye adabu zake, mpumbavu mimi.

Asubuhi Mzee akasema atakwenda mwenyewe kutafuta malisho. Kwetu hema halikunjwi kabla mtu mmoja hajatangulia kuiona nchi, na akirudi neno lake halihojiwi. Kazi hiyo Mzee aliifanya miaka arobaini bila kukosea hata mara moja. Alitandika punda wetu anayejua njia zote, nami nikamfungia kiriba cha maji.

"Ami," nilimwambia, maana ni ndugu wa baba yangu pia, "si umchukue Minwer?"

"Minwer anajua lori. Nyasi zina usukani?"

"Ila macho, ami..."

"Macho yana nini?"

Mkono wake ulikuwa unatafuta hatamu na umeshika sikio la punda. Niliichukua hatamu nikamtia kiganjani.

"Hayana kitu, ami."

Alirudi siku ya nne na kitita cha majani ndani ya kilemba chake. Tulinusa wote. Nyasi kweli, laini, zenye maji. "Bonde zima kijani," alisema, na uso ulikuwa umerudi ujana. "Nimelala juu yake kama sultani." Minwer alimbusu kipaji cha uso. Nami nilifurahi, nikajiambia labda macho hayajaharibika kiasi hicho.

Tukapakia kondoo, hema na masufuria, na dizeli ikatufikisha bondeni na kuishia hapo. Bonde lilikuwa kijani kweli, kutoka ukingo hadi ukingo. Kijani cha harmali, mmea mchungu ambao kondoo haugusi hata kwa mdomo. Katikati palikuwa na kishimo kimoja chenye nyasi, upana wa mkeka, na nyasi zake zilikuwa bado zimelala pale Mzee alipolala. Kondoo walizimaliza kabla birika halijachemka.

Minwer aling'oa shina la harmali akamtia baba yake mkononi. Mzee alilinusa. Akakaa chini palepale.

"Ulijua?" Minwer aliniuliza.

"Nilijua."

Afadhali angenipiga. Tangu siku hiyo anaongea nami ya chumvi na maji tu.

Shayiri iliisha. Majike wakaanza kutupa mimba, kisha kuanguka wenyewe. Siku ya kumi na mbili mchuuzi wa nyama alipita na lori lake akawachukua waliobaki, mifupa na ngozi. Alipokuwa anafunga mlango alitueleza kwamba watu wa Shlash wako siku mbili kusini, maziwa yanawashinda kunywa. Kondoo wetu wasingeweza kutembea hata saa moja. Akaahidi kurudi kutubeba hadi pembezoni mwa mji, ambako Minwer atatafuta kazi ya kubeba matofali. Tukakunja hema la manyoya ya mbuzi alilolifuma mama mkwe wangu. Mjini hakuna pa kulisimamisha.

Nikachemsha kahawa iliyobaki. Nilimmiminia Mzee kidogo, kama inavyopasa. Alitia kidole ndani akapima, akakinyoosha tena kikombe.

"Jaza."

"Ami, wewe si mgeni."

"Jaza, Turkiya."

Minwer alikuwa ametupa mgongo, na alisikia. Hakugeuka. Nikajaza hadi ikamwagika vidoleni mwa Mzee. Akainywa yote polepole, akainuka. Alinyoosha mkono kutafuta kamba ya hema na kamba haikuwapo, basi akasimama pale, mkono hewani, akingoja nimwonyeshe upande wa kwenda.