Kisu chenye Jina la Trekta

Kabla ya kupambazuka nilisikia tik, kimya kidogo, halafu tik tena, kutoka jikoni kwa mdogo wangu Kalunde. Nilidhani ni panya. Nilipotoka nikamkuta mwanawe Nyamai amechuchumaa kando ya jiko, akifungua na kukunja kisu kipya cha mfukoni. Alisema anakilainisha ili kisinisumbue. Vidole vyangu vimekakamaa siku hizi, na si watu wengi wanaokumbuka.

Nilikuwa nimetoka kwangu Mukuyuni hadi hapo Kanyangi kwa kazi moja tu. Mwembe uliopandwa na marehemu Musembi, mume wa Kalunde, ulikuwa unamalizwa na mchwa. Tawi moja lilikuwa bado kijani, na juu yake kulikuwa na vijiti sita vilivyofaa kupandikizwa kwenye miche michanga. Hakuna jirani aliyewahi kuchukua mbegu au kijiti cha mti huo. Kwa hiyo vijiti hivyo sita vikiharibika, maembe ya Musembi yamekwisha.

Kazi ya kupandikiza nimeifanya miaka thelathini, na sijawahi kusafiri bila kisu changu. Safari hii nilikiacha nyumbani. Nyamai alikuwa amenipigia simu kuniambia amenitafutia zawadi, kisu chenye jina la trekta za Mbogo. Trekta ya Mbogo ndiyo iliyolima shamba la baba yetu kule Ikutha tukiwa wasichana, na haikuwahi kukwama. Nilisikia jina hilo nikaridhika. Hapo ndipo nilipokosea.

Kwa mwanga wa jikoni kilipendeza: mpini mwekundu, kichwa cha mbogo kimechorwa, kizito mkononi. Jua lilipotoka nilikikagua vizuri. Nilishika bapa kwa vidole viwili nikalitikisa, likacheza kama jino la mtoto. Nikapitisha ukucha kwenye makali, ukakwama mara tatu. Kile kibati cha kuzuia kisu kisijikunje kilikuwa chembamba kama mkebe wa soda. Na rangi ya mpini ilikuwa imeanza kubaki kiganjani kwangu.

Nilitaka kusema. Lakini Nyamai alikuwa amesimama pale na ndoo ya maji, anafurahi jinsi watu wanavyofurahi wakiwa wametoa zawadi. Nikakata kijiti cha kwanza.

Mkato wa kupandikiza huvutwa mara moja tu, mrefu na laini, ili kijiti na mche vilaliane bila nafasi. Kisu kile hakikukata, kilitafuna. Kiliacha nyuzinyuzi na ganda limepondeka. Nikasema labda ni mkono wangu, nikachukua kijiti cha pili. Safari hii bapa lilijikunja katikati ya mkato, nusura linikate kidole. Vijiti viwili vilikuwa chini, vimekwisha. Nilisikia kinyaa kama mtu aliyetafuna tonge akakuta unywele.

"Nyamai, kisu hiki ni takataka," nilimwambia. "Sikusemi wewe. Nasema hiki."

Kalunde alicheka kidogo, ingawa macho yake yalikuwa kwenye vile vijiti viwili. "Kumbe Mbogo hana meno."

Nyamai alichukua boksi la kisu hicho, akasoma maandishi madogo ya chini. Yalisema kisu kimetengenezwa na kampuni nyingine iliyopewa ruhusa ya kutumia jina. Wenye trekta hawakukigusa. Walikodisha jina lao tu, kama mtu anavyokodisha viti vya harusi, atakayeanguka aanguke. Nilijaribu kukinoa kwenye jiwe. Chuma kilikuwa laini, makali yakalala upande kama nyasi zilizokanyagwa. Nilitema mate chini, jambo nisilolifanya mbele ya watu.

Basi Kalunde akaleta kisu chake cha kukatia sukuma wiki, cha zamani, kilichoisha hadi kikawa chembamba. Nyamai akaketi na jiwe karibu saa nzima, akitia maji, akijaribu makali kwenye nywele za mkono wake. Kalunde naye alilowesha leso, ile anayoivaa kanisani, akafunika vijiti vinne vilivyobaki ili visinyauke. Sikumwambia afanye hivyo.

Kisu cha jikoni kilipita kwenye kijiti bila kelele. Nilikata vyote vinne, nikaviunganisha na miche, Nyamai akavifunga kwa vipande vya nailoni huku mimi nikishikilia. Alifunga polepole, asinibane vidole.

Baadaye aliniuliza, akiniita mama kwa Kikamba kama kawaida yake, "Mwaitu, hiki chekundu niwape watoto wakatie miwa?"

"Ili kijifunge kwenye vidole vyao? Usimpe mtu."

Akakizungushia waya mara nyingi, kisifunguke tena, akakitupa kwenye shimo la takataka.

Kalunde alinisindikiza hadi barabarani. Sikutaka kumdanganya, nikamwambia kwamba katika vinne huenda viwili vikashika, au kimoja, au kisishike hata kimoja. Alikuwa akinibebea mfuko wangu, akauhamishia mkono wa pili.

"Uje baada ya wiki tatu tuvitazame pamoja," alisema. "Na nikikupigia simu kukuambia vyote vimekauka, dada, uje tu."