Kitabu cha Jenerali Kwenye Nailoni

Shemeji yangu, mume wa dada, hukusanya kumbukumbu za maisha ya wakubwa: vitabu vya jalada gumu, herufi za dhahabu, toleo la kwanza, vyote vikiwa bado kwenye nailoni ya kiwandani. Amevifungia kwenye kabati la kioo, na ufunguo kauvaa shingoni kama hirizi. Hajasoma hata kimoja. "Kikifunguliwa tu, thamani imekwisha," hutuambia, kidole juu, bingwa wa majalada.

Jumapili mama alikuja na miwani yake. Alikuwa amesikia kwamba ndani ya kitabu cha jenerali mmoja kuna picha ya marehemu baba, aliyekuwa dereva wa jenerali huyo mpaka akastaafu.

"Mama, si unaiona sura ya jenerali hapa juu?" shemeji akasema, amekishika kama yai, kwa glavu nyeupe. "Inatosha."

"Jenerali sikuzaa naye," mama akajibu, akakinyakua na kupitisha ukucha. Nailoni ikachanika. Shemeji akapiga yowe ambalo siku ya kumzika baba hatukulisikia.

Mama akafunua kurasa mpaka akaifikia ile picha. Jenerali anashuka garini, kifua mbele, nishani tele. Baba wamemkata. Umebaki mkono wake tu, umeshika mlango wa gari.

"Ndiye," mama akasema, akiupapasa ule mkono taratibu. "Kidole hiki alikiumiza kwenye jeki."

Shemeji alikuwa chini ya meza, anaokota vipande vya nailoni na kuuliza nani ana gundi.