Vifungo Visivyo na Matundu

Baba hajawahi kuvaa kastabini, kile kikofia cha chuma ambacho mafundi cherehani huvaa kidoleni ili sindano isiwachome. Husema nguo lazima uisikie kwa ngozi. Kwa hiyo tangu nipate akili, vidole vyake vya mkono wa kushoto vimejaa vitobo vidogo, na hakuna aliyejali, mpaka alipoandikiwa aspirini.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, kifua kilipoanza kumbana kila akipanda ngazi za kwetu. Akisimama kidogo, kinaachia. Akapewa kidonge cheupe cha kila asubuhi, damu isije ikaganda kwenye mishipa ya moyo ambayo ilishaanza kuziba kwa mafuta. Lakini kitobo cha sindano, ambacho zamani kilikauka kabla hajakilamba, sasa kilivuja hadi chai ikapoa. Akawa anashona amefunga kidole kitambaa, ananung'unika kama mtu aliyevalishwa kiatu cha mwenzake.

Kisha dada yangu akapiga simu. Miaka sita yuko mbali, kazini. Anaolewa, anakuja nyumbani, na gauni anataka alishone Baba.

"Jeupe?" Baba akauliza.

"Jeupe pepepe, Baba."

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa ya yeye asiyekuwepo. Baba alinisimulia upya jinsi dada alivyokuwa akilala chini ya meza ya kukatia, nyuzi zimemjaa nyweleni. Mimi nilimletea maji, nikasikiliza. Anayebaki nyumbani hakumbukwi. Nani amkumbuke mtu aliye jikoni? Nilikuwa na hamu na dada yangu, na huku nikitamani siku moja mtu awe na hamu na mimi hivyo. Baba huniita Kimya. Jina limenikaa.

Vipimo vya dada hatukuwa navyo, basi akanisimamisha mimi. "Kimo chenu ni kimoja. Geuka. Inua mkono. Mbona unahema hivyo? Bibi harusi hahemi kama mbeba magunia!"

Wiki tatu gauni lilikua bila doa hata moja. Niliona kidole hakifungwi tena, nikadhani mwili umeizoea dawa. Hadi siku niliyofungua droo ya vifungo vyeupe, natafuta cha shati la mteja, nikashika kimoja kisicho na matundu. Nikakigeuza. Nikashika kingine. Vilikuwa kumi na tisa.

Nilipaswa kusema palepale. Lakini lilikuwa limebaki pindo tu, na Jumamosi dada anafika. Nikairudisha droo polepole. Siku nne, nikajiambia, siku nne si nyingi.

Siku ya pili yake asubuhi, Baba alikuwa ameketi tu. Hakupanda ngazi, hakuinua kitu. Nikamwona anaweka kikombe chini, analisogeza gauni mbali ili jasho lisilidondokee, ndipo akashika kifua. Safari hii hakikuachia. Maumivu yakapanda hadi tayani.

Hospitali walimbandika nyaya kifuani, wakatoa damu ya kupima, wakampulizia dawa chini ya ulimi ya kutanua mishipa. Daktari alikuwa mama mfupi, koti limemzidi.

"Mzee, aspirini unameza?"

"Kila siku, bila kukosa," Baba akajibu. "Daktari, nani alikushonea hilo koti? Mabega yamekukimbia."

Daktari akacheka, akaanza kuandika. Mimi nikatazama kalamu ile. Maisha yangu yote sijawahi kumpinga Baba mbele ya mtu.

"Hamezi," nikasema.

Kalamu ikasimama. Baba akageuza uso ukutani.

"Vidonge anaviweka kwenye droo ya vifungo. Kidole kinavuja, na gauni la dada ni jeupe. Niliviona jana, na mimi nikanyamaza."

Daktari hakunigombeza. Akavuta kiti. "Umefanya vizuri kusema. Ningeandika kwamba anameza na bado haikumsaidia, ningetafuta kosa pasipo na kosa." Akatueleza taratibu. Yale mafuta kwenye mshipa wa moyo yamepasuka, damu ikagandia pale kama utando juu ya kidonda, njia ikabaki nyembamba. Ndiyo maana maumivu yamemfuata hata akiwa amekaa. "Damu tuliyopima inaonyesha msuli wa moyo haujafa. Lakini huu ni mlango wa kufa kwake. Asingekuja leo, sijui."

Akampa aspirini aitafune mbele yetu, na kidonge kingine cha kuzuia damu isigande. Sindano ya tumboni, ya kazi hiyohiyo. Baadaye ikaja dawa ya kupunguza mbio za moyo, na ya kushusha mafuta ya damu. Baba alimeza vyote bila kunitazama. Siku nzima hakunisemesha.

Kesho yake nilirudi nyumbani kuoga. Cherehani ilikuwa kimya, mguu wa kiti chake umeacha alama sakafuni. Nikakaa pale. Nikavaa kastabini ambayo hakuna aliyewahi kuivaa, nikashona pindo kwa mkono, kidogokidogo, mpaka likaisha. Halafu nikalikunja gauni, nikarudi nalo.

Nesi akanipokea mlangoni. "Wewe ndiye Kimya? Mzee ametuchosha! Kila anayepita anamuuliza kama amekuona."

Nikasimama kwanza. Sikutaka aone uso wangu.

Baba alikuwa ameinuliwa kwa mito. Akalikunjua pindo, akalipitisha vidoleni sentimita kwa sentimita.

"Hapa umevuta uzi sana."

"Ndiyo, Baba."

"Na hapa pia. Dada yako akiuliza, sema ni mimi." Akalikunja pindo. "Ulikawia."

"Nilikuwa nashona."

"Ulikawia," akarudia, sauti imeshuka. Nesi akaleta kikombe cha vidonge. Baba akakifungua kinywa baada ya kumeza, wazi kabisa, ananionyesha mimi. Kisha akanipa gauni. "Lishike hapo begani nilione. Geuka."

Nikageuka. Nilipomgeukia tena, hakuwa akiangalia gauni. Alikuwa akinitazama mimi.