Siku ya Kumi na Tisa

"Hapo usiguse," alisema Bi Taratibu, na mwenyewe akashtuka kusikia sauti yake imetoka kubwa hivyo.

Fundi wa rangi alikuwa ameshaegemeza ngazi ukutani, hatua moja kutoka kwenye tangi la samaki, na mkono wake mmoja ulikuwa kwenye waya wa pampu ya hewa. Aliuachia upesi.

"Mama, nimeambiwa chumba kizima. Kuta nne. Na huu wenye tangi nao ni ukuta."

"Najua. Nipe saa moja."

"Saa moja ya kufanya nini?"

Bi Taratibu alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kioo cha tangi.

Kila mtu kwenye kliniki ile ya meno alimwita Bi Taratibu, kwa kuwa alipangusa meza kama anayepangusa uso wa mtoto aliyelala. Kazi yake ilikuwa kufagia, kupiga deki na kuosha vikombe vya kusukutulia. Tangi halikuwa kazi yake. Lilitunzwa na mtu aliyekuja kila mwezi na mpira wa kunyonyea maji, na alipohama likabaki halina mwenyewe. Siku moja Bi Taratibu aliona maji yameanza kuwa ya kijani, akakunja mkono wa gauni.

Humo ndani sasa alibaki samaki jike mmoja, wa njano, mwenye urefu wa kidole cha kati. Dume lake lilikufa umeme ulipokatika siku mbili mfululizo. Lakini siku chache kabla ya hapo jike alikuwa ametaga, akayaokota mayai yake moja moja na kuyaficha mdomoni. Ndivyo walivyo samaki wa aina yake. Mama huatamia mdomoni wiki tatu nzima. Hali, hapigi miayo, hagombani na mtu, hadi vifaranga wawe tayari kuogelea.

Mara mbili kabla ya hapo jike huyo alikuwa ameshindwa. Mara ya kwanza mgonjwa mmoja aligonga kioo kwa funguo, samaki akashtuka na kuwameza wote. Mara ya pili kosa lilikuwa la Bi Taratibu mwenyewe: aliongeza maji bila kuyapasha moto. Kesho yake alilikuta shavu limenywea, bapa kama bahasha isiyo na barua. Siku ile alipiga deki kliniki nzima bila kuiona sakafu.

Hii ilikuwa mara ya tatu, na bila dume hapangekuwa na ya nne. Nyuma ya mlango wa kabati la mafagio alikuwa amebandika kadi ya miadi iliyoharibika, na kila asubuhi alichora mstari mmoja. Leo, Jumamosi, mistari ilikuwa kumi na tisa.

"Shangazi, chukua kimia, mchote, yaishe," alisema dada wa mapokezi. Alikuwa mtoto wa kaka yake, na ndiye aliyemtafutia kazi hii. "Dakika moja tu."

"Akiguswa na kimia atawatema."

"Wagonjwa wananiuliza kila siku, mbona samaki wenu kavimba shavu? Nawaambia yuko kwenye foleni." Fundi alicheka. Dada hakucheka. "Utatufukuzisha kazi sote wawili, shangazi. Kwa samaki!"

Bi Taratibu alizima taa ya tangi. Alichukua jagi kubwa la plastiki, akaliingiza majini likijaa kidogo kidogo bila kutoa hata povu, akalilaza chini. Kisha akalisogeza ndani yake jiwe ambalo samaki alipenda kujibanza kando yake. Mkono ukabaki majini hadi kwenye kiwiko. Akangoja samaki aingie mwenyewe.

Alikuwa bado anangoja daktari alipoingia kukagua rangi. Daktari alitazama ngazi, akatazama kuta zisizoguswa, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti. Akavaa miwani na kuinama.

"Huyu amekonda. Tazama mgongo, umekuwa kama kisu. Nileteeni koleo langu dogo. Namfungua mdomo, watoto wanatoka, naye anakula. Midomo ndiyo kazi yangu."

"Hapana, daktari."

Dada wa mapokezi alifumba macho. Kwa miaka minne shangazi yake hakuwahi kumwambia daktari neno zaidi ya "ndiyo" na "tayari".

"Hapana?"

"Bado wana kiini cha yai tumboni. Wakitoka leo watalala chini tu, hawataweza kuogelea." Alisema hayo bila kuutoa mkono majini. "Mtu akikuletea mtoto mwenye jino la utotoni, linacheza lakini bado limeshika, huwa unamwambiaje?"

Fundi, aliyekuwa akikoroga rangi, alisimamisha kijiti chake.

"Namwambia aliache litoke lenyewe," alisema daktari.

"Basi."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. "Nusu saa," alisema. "Asipoingia kwenye hilo jagi lako, ni kimia. Jumatatu nina wagonjwa, siwezi kuwapokea kwenye kuta nusunusu."

Nusu saa ni ndefu kwa aliyepiga magoti kwenye vigae. Vidole vya Bi Taratibu vilikunjamana. Samaki alipita mbele ya jagi mara ya kwanza, akageuka. Mara ya pili alisimama, kidevu kimejaa, akitazama jiwe lake. Fundi aliweka kijiti chini, akachutama bila kuambiwa. Mara ya tatu, kama mtu aliyekumbuka kwamba pale ni kwake, akaingia.

Bi Taratibu aliziba mdomo wa jagi kwa kiganja, akaliinua. Lilipotoka majini uzito wote ulimwangukia mikononi, viwiko vikatetemeka, na maji yakatikisika. Samaki akashtuka. Kitu kidogo kama punje ya mtama, chenye macho mawili na mkia, kikamtoka mdomoni na kuzama hadi chini.

"Ametapika!" alinong'ona dada.

"Nyamaza."

Hakuweza kusonga mbele wala kurudi. Mtikisiko mmoja tu zaidi na wengine wangefuata. Aliuma meno, akakaza mabega, na bado maji yalicheza. Ndipo mikono mingine, yenye madoadoa meupe, ikaja chini ya jagi.

"Nimelishika, mama. Wewe niongoze tu."

"Mguu wa kushoto, mwanangu. Polepole."

Walikwenda kiupandeupande kama watu wanaobeba kitanda chenye mgonjwa, wakapita mapokezi, wakapita kiti kikubwa cha daktari, hadi stoo. Huko lilingoja sanduku la plastiki angavu lililokuwa la kuwekea glovu, ambalo Bi Taratibu alikuwa ameliandaa asubuhi, limejaa maji ya tangi lilelile, na hita imeshapasha. Walilizamisha jagi. Samaki akatoka. Akageuka, akakitazama kile kitoto kilichokuwa kikihangaika chini, akafungua mdomo kidogo sana. Kitoto hakikuonekana tena.

Fundi aliinamia sanduku. "Amemla?"

"Sijui."

Kweli hakujua. Shavu lilikuwa bado limejaa. Lakini mara ile ya maji baridi, saa za mwanzo, lilikuwa limejaa vilevile.

Jumapili haikuwa siku yake ya kazi. Alikwenda. Alilowanisha vitambaa na kuviziba chini ya mlango wa stoo ili harufu ya rangi isipite. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Simu ililia mara moja.

"Uko kliniki," alisema dada. Halikuwa swali.

"Niko."

"Shangazi, hata mimi mtoto wa kaka yako hukunilea hivi."

"Wewe ulikuwa unakula."

Jumatatu alifika kabla ya wote, akachora mstari wa ishirini na moja. Kuta zilikuwa nyeupe, zikinuka. Stoo ilikuwa kimya, pampu tu ikiguruma. Samaki alikuwa amesimama pembeni, mwembamba, rangi yake imefifia, na kidevu kikicheza namna ambayo Bi Taratibu hakuwahi kuiona.

"Shangazi!" Viatu vya dada vilisikika koridoni. "Mgonjwa wa kwanza kafika, na sakafu bado!"

"Nakuja."

Hakuinuka. Samaki alikuwa amesogea hadi karibu na plastiki, ana kwa ana naye. Mdomo ukafunguka, upana wa punje ya mchele, kisha zaidi kidogo. Ndani, gizani, kulikuwa na macho, jozi kwa jozi, yamebanana, yakitazama nje. Kitoto kimoja kikasogea hadi kwenye ukingo wa mdomo, kikayaonja maji, kikasimama hapo.