Mtu Aliyepita Nyuma ya Mpelelezi

Inspekta Pickersgill hakuwa mpenzi wa sinema. Mkewe ndiye aliyemburuta Jumamosi ile, mvua ikiunyeshea mji wao wa Halifax kama kawaida yake, wakatazame filamu ya mpelelezi anayewasaka wanawake waliokuwa wakitoweka London. Inspekta alikaa akiguna. Mpelelezi gani huyu, anaingia nyumba za watu bila hata kufuta viatu?

Ndipo yule mpelelezi akasimama stesheni kuwasha kiko, na nyuma yake, katika kundi la abiria, akapita mwanamume mwenye bega moja lililoinama. Mtu yule akageuza uso. Inspekta alimbana mkewe mkono hadi mama wa watu akapiga ukelele.

"Una nini wewe?"

"Clifford Sugden," alinong'ona.

Clifford alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sufu. Miaka minane nyuma alitoka kwenda kazini, asirudi. Kofia yake ikaokotwa kando ya mfereji wa kupitishia mashua. Inspekta aliamuru maji yapekuliwe kwa kulabu, hawakupata kitu, na mwishowe akamwambia Doris, mke wa Clifford, kwamba mumewe amezama. Alimwambia kwa uhakika, kama mtu aliyeona kwa macho yake. Baadaye mahakama nayo ikaridhia, na Doris akaolewa na muuza samaki, wakapata binti.

Jumatatu Inspekta akaenda kwa Doris. Alimkuta akikanda unga, naye alimtazama usoni mara moja tu.

"Umeiona ile filamu," Doris alisema.

"Kumbe ulijua?"

"Nimeiona mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani macho yananidanganya. Mara ya pili nikamtukana kwa sauti, watu wakaninyamazisha." Alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Sasa utanifanyaje, Inspekta? Utanivunjia nyumba? Binti yangu aje aambiwe hana baba?"

"Mimi ndiye niliyekwambia amekufa."

"Ukaniambia, nikalia, nikamaliza. Usinifufulie maiti." Akajifuta unga mikononi. "Lakini mama yake Clifford... Yule bibi kila mwaka huenda kutupa maua mferejini. Mimi sina uso wa kumwambia. Nenda wewe. Na mimi usinitaje."

Bi Hannah Sugden alimkaribisha chai. Aliposikia habari hakulia.

"Amekonda?" aliuliza.

"Hapana, mama. Amevaa koti zuri."

"Koti lake, au la hao watu wa sinema?"

Inspekta alimwomba waende wakaione filamu.

Wakaenda pamoja onyesho la mchana. Filamu ilipofika pale stesheni, bibi aliinama mbele, akakishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Clifford akapita, akatoweka.

"Ndiye. Lile bega! Nimelipigia kelele tangu yuko shule." Akainuka, filamu haijafika hata nusu. "Twende. Hawa wengine hawanihusu."

Nje, Inspekta alimfungulia mwavuli. "Nikienda London naweza kumpata, mama. Nimlete?"

"Umlete kwa kosa gani? Kutukimbia?" Alitikisa kichwa. "Mlango wangu anaujua. Akitaka atabisha." Akaushika mpini wa mwavuli. "Yu hai. Hilo sikuwa nalo jana."

Walipofika kona, bibi alimvuta mkono wa koti.

"Ila Doris asijue, mwanangu. Nakuomba. Ametulia sasa na mume wake, maskini. Ukimwambia utamuua."

Inspekta aliukumbuka unga mikononi mwa Doris.

"Sitamwambia, mama."

Haukuwa uongo, ingawa haukuwa ukweli wote. Akampa bibi mkono, wakaupanda mlima wa kwenda kwake taratibu, wakisimama kila pumzi zilipomwishia.